Toleo la Tisa na Meseji za Mama Lazaro

Alhamisi ile asubuhi Tukuswiga aliitukana kompaila kwa lugha tatu, na hakuna hata moja iliyomsaidia.

Asiyejua kompaila ni nini asione haya. Tukuswiga mwenyewe aliishi miaka ishirini na mbili bila kuisikia, na wali ulishuka vizuri tu. Mtu anayetunga programu huandika maneno, na kompyuta haijui maneno. Kompaila ndiyo inayosimama katikati: inasoma alichoandika mtu, inakigeuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitenda, na ikiona kosa inagoma kama punda.

Lugha aliyoitumia Tukuswiga iliitwa Tesela. Ni moja ya zile lugha za kifanksheni, ambazo programu yake inakwenda kama mapishi ya mtu mwenye masharti: kitu kinaingia huku, kinatoka kule, na katikati hairuhusiwi kufunua sufuria na kuongeza chumvi. Duniani wanaitumia watu wachache. Kyela nzima alikuwa yeye peke yake, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake pale Ikolo, na alijivunia jambo hilo kuliko inavyompasa mtu aliyebatizwa.

Programu yenyewe ilikuwa ya mto. Mvua ya kule juu milimani huwa haiwapigii hodi watu wa Mwaya. Wao wanaweza kuwa juani wanaanika samaki, na maji yakawafikia yakiwa yamebeba migomba ya watu wengine. Ndiyo maana miaka minne iliyopita wakulima wa mpunga wa Mwaya waliweka nguzo sita zenye alama za mita kando ya mto, kuanzia juu mpaka chini, na kila nguzo ikapewa mpimaji. Kila alfajiri mpimaji anasoma maji yamefika wapi, anatuma meseji: kwanza jina la kituo, kisha namba. Programu ya Tukuswiga inazikusanya, na ikiona maji yanapanda inawatumia onyo watu wote wa Mwaya. Kutoka kituo cha juu hadi Mwaya maji hutumia saa sita hivi. Katika saa sita mtu anaweza kuokoa mengi.

Kituo cha juu kabisa kiliitwa Angetile, kwa sababu nguzo ilisimama kwenye ukingo wa shamba la kakao la mzee Angetile. Alitoa mahali bure, akaandika jina lake juu ya nguzo kwa rangi ya buluu, herufi kubwa, ili hata samaki wajue ni kwa nani. Aliyepima alikuwa mwanawe Hebroni. Katikati ya Januari Hebroni alikwenda Kasumulu kufanya kazi ya kuvusha mizigo ya wafanyabiashara wa Malawi, na kazi ya nguzo akamwachia mkewe, Keziya, ambaye watu humwita mama Lazaro.

Tangu siku hiyo kompyuta haikuorodhesha kitu kutoka Angetile.

Tarehe nane Machi mto ulifika Mwaya saa sita mchana bila onyo lolote. Hakufa mtu, Mungu ni mwema. Lakini mpunga uliokuwa karibu kuvunwa ulilala kwenye tope, na Prisca, mama wa makamo anayejulikana kwa nguruwe wake, alirudi kutoka sokoni akakuta banda limeondoka na nguruwe sita ndani. Mwaya ilikasirika, na hasira haikuchelewa kupata mtu wa kuibeba. Ilisemwa mama Lazaro analala mpaka jua linamchoma. Prisca alilisema sokoni, kwa sauti, mara kadhaa.

Kikao kikaitishwa, na mama Lazaro akatuma watu waseme kwa niaba yake kwamba anatuma kila siku. Dickson, mwenyekiti wa wakulima, akampigia Tukuswiga kuhakikisha. Tukuswiga akafungua orodha ya kituo cha Angetile, akaikuta tupu tangu katikati ya Januari.

"Hakuna kitu, mwenyekiti," alisema. "Na kompyuta haidanganyi."

Alilisema kwa raha kidogo, maana ni sentensi inayompa mtu heshima. Basi ukapangwa mkutano wa Jumamosi: mama Lazaro aondolewe mbele ya watu, na nafasi yake apewe jirani yao Yohana. Tukuswiga alitakiwa aje na orodha mpya ya wapimaji.

Ndiyo kazi aliyokuwa ameikalia Alhamisi ile. Angeweza kubadilisha jina moja akaenda kunywa chai. Lakini wiki hiyo toleo la tisa la Tesela lilikuwa limetoka, na Tukuswiga na kitu kipya ni kama mtoto na mwembe wa jirani. Akalipakua, akaliweka, akaiambia kompaila mpya isome programu yake ya zamani. Ikasoma. Ikagoma.

Iliandika kwa Kiingereza chake kikavu, na maana yake ilikuwa hii: mstari wa mia mbili na kumi na mbili, hujasema ifanyike nini jina la kituo lisipofahamika.

Haikuwa habari ngeni. Matoleo ya zamani nayo yaliliona pengo hilo, ila yalikuwa yanatoa onyo tu kisha yanaendelea na kazi. Tukuswiga alilinyamazisha onyo lile siku ya kwanza, miaka minne iliyopita, kama mtu anavyofukuza kuku mlangoni. Sasa akatafuta swichi ya kunyamazishia, asiione. Akafungua maelezo ya toleo jipya. Waliolitengeneza, watu wa kujitolea waliotawanyika katika nchi asizozijua, walikuwa wameandika: "Swichi ya kunyamazisha tumeiondoa. Tunajua mtakasirika. Kila hali inayoweza kutokea, semeni mtaifanyia nini."

Hapo ndipo yalipotoka matusi. Alianza kwa Kiswahili, akapitia Kiingereza kwa kuwa ndicho wangekielewa wenyewe, akamalizia kwa Kinyakyusa, ambacho kwa kazi hiyo kina pumzi ndefu.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Ilitosha kuongeza mstari mmoja: jina lisipofahamika, tupa. Akauandika. Kidole kikawa juu ya kitufe, na kidole kikagoma nacho.

Kuna tofauti kati ya kusahau kitu na kuandika kwa mkono wako kwamba kitupwe. Miaka minne programu ilikuwa inatupa, naye hakuwahi kuiambia itupe. Leo alitakiwa aseme mwenyewe. Akajiuliza: nitupe nini hasa?

Hakujua. Akafuta neno "tupa", akaandika "nionyeshe". Kisha akaipitishia programu meseji zote zilizoingia tangu Januari, maana zote zilikuwa bado zimehifadhiwa kwenye simu ya kupokelea. Wapimaji huazimana simu na kubadilisha laini kila wanapopata ofa, kwa hiyo tangu mwanzo aliamua kituo kitambulike kwa jina lake, si kwa namba ya simu. Uamuzi wa busara kabisa, alijisifu nao siku ile.

Yalianza kutoka matangazo ya mtandao wa simu. Akatokea mtu anayemtafuta Anyelwisye kwa habari ya mbuzi. Halafu:

"Huku kwetu. Maji 1.2."

Chini yake: "Huku kwetu. Maji 1.2." Na chini yake: "Huku kwetu. Maji 1.4."

Tukuswiga akazihesabu. Zilikuwa themanini na nane. Moja kila alfajiri, kuanzia katikati ya Januari hadi leo, hakuna siku iliyorukwa, hata Jumapili ya Pasaka. Siku moja tu zilikuwa nyingi. Tarehe nane Machi, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi: "Huku kwetu. Maji 3.4. Yanapanda." Saa moja: "Huku kwetu. Maji 3.9. Waambieni Mwaya." Saa mbili kasorobo: "Huku kwetu. Nguzo imezama. Waambieni jamani."

Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Yeye ni Mnyakyusa, na alilelewa na mwanamke aliyekuwa mkamwana wa watu. Babu yake aliitwa Asajile. Mama yake, Veronika, hajawahi kulitamka jina hilo mpaka leo, ingawa babu alishazikwa. Jirani yao mwenye jina hilohilo humwita "yule wa duka la bati". Mke hatamki jina la baba mkwe wake, haketi naye, hamtazami, na wakikutana njiani mke ndiye anayeingia porini. Siku hizi wapo wengi walioliacha jambo hilo, lakini wapo waliobaki nalo, na kulibeza si kazi ya mtu mwenye akili.

Naye Tukuswiga, binti wa Veronika, alikuwa ametunga programu inayomdai mkamwana aandike jina la mkwewe kila alfajiri, la sivyo maneno yake hayasikiki. Halafu akamwambia mwenyekiti kompyuta haidanganyi.

Alipanda bodaboda saa ileile. Barabara ilikuwa ya utelezi, na dereva alitaka kupiga hadithi, lakini abiria wake hakuwa na hadithi siku hiyo.

Alimkuta mama Lazaro nyuma ya nyumba anageuza kakao kwenye kichanja cha kuanikia. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa umri kama wake, mikono imeshika rangi ya mbegu. Hawakuwahi kuonana.

"Ugonile, mama Lazaro. Mimi ni Tukuswiga wa Ikolo. Yule wa meseji."

Mama Lazaro akajifuta mikono haraka, akamletea kigoda. Uso wake ulionyesha kwamba habari ya Jumamosi ilishamfikia.

"Nimeziona," Tukuswiga alisema kabla hajaketi. "Meseji zako. Zote. Nimeziona leo."

"Leo?"

"Leo." Akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kurukaruka, akaeleza kompaila, akaeleza mstari, mpaka akaona anajificha nyuma ya maneno ya kazi. Akanyoosha. "Programu ilikuwa inasubiri jina la kituo. Lisipokuwepo, inatupa meseji. Mimi ndiye niliyeitunga hivyo, na mashine ilinionya, nikaizima."

Mama Lazaro akakisogeza kigoda karibu, mgeni aketi. "Hebroni aliniambia andika jina, kisha namba. Nikamwambia jina siliwezi. Akasema andika unavyoweza, wale ni watu wetu, wataelewa."

"Na mwenyekiti alipouliza, mbona hukumwambia?"

"Ningemwambiaje, dada? Nikisema kuna jina siwezi kuliandika, ataniuliza jina gani." Akatabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu dogo la mtu aliyechoka.

Kwenye njia kikasikika kikohozi cha mtu mzima, cha makusudi, cha kutoa taarifa. Kabla Tukuswiga hajageuka, mama Lazaro alishajifunika kitenge kichwani na kutoweka kati ya mikakao. Mzee Angetile akapita upande wa pili wa ua, mnene, fimbo mkononi, macho ameyaelekeza mbele. Alimsalimia mgeni bila kusimama, akaenda zake. Majani yakatikisika, mama Lazaro akarudi kwenye kichanja chake kama mtu aliyetoka kuchota maji.

Tukuswiga alikuwa na swali lililomwasha tangu Ikolo. "Miezi mitatu hujajibiwa hata mara moja. Watu wanakusema sokoni. Kwa nini uliendelea kutuma?"

Mama Lazaro aligeuza mbegu mbili tatu. "Hebroni alisema kule kuna dada anayesoma. Nikajua unasoma."

Basi Tukuswiga akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia juu ya kigoda cha watu, kamasi na yote, na mwenye msiba ndiye aliyembembeleza.

Ijumaa alirekebisha programu. Mstari wa mia mbili na kumi na mbili sasa ulisema kwamba jina lisipofahamika, meseji isitupwe, iletwe kwa mtu aisome. Na "huku kwetu" akaifundisha kompyuta ni wapi. Kompaila ikasoma yote, ikapitisha bila neno. Halafu akawaandikia wale watu wa toleo la tisa. Alianza barua ndefu, akaifuta, ikabaki fupi: kwamba aliwatukana Alhamisi na anaomba radhi, kwamba ukali wao umeokoa jina la mwanamke mmoja ambaye hawatamwona, na kwamba anawashukuru kwa kumnyima swichi. Akamalizia na "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, wakitaka maana waitafute.

Jumamosi ofisi ya wakulima kule Mwaya ilijaa mpaka dirishani. Mzee Angetile aliketi safu ya mbele, kofia magotini. Alikuja kuomba radhi kwa niaba ya mji wake, na uzito wa jambo hilo ulionekana mabegani. Kwa kuwa yeye alikuwa ndani, mama Lazaro alikuwa nje, kwenye upenu, mgongo umeegemea ukuta. Ndivyo ilivyokuwa hata kikao cha kwanza. Aliyeshtakiwa hakuweza kuingia pale aliposhtakiwa, na hakuna aliyewaza kuuliza.

Dickson alifungua kwa sala, akamwita Tukuswiga alete orodha mpya. Tukuswiga akasimama, mikono mitupu.

"Orodha mpya sina. Niliwaambia kompyuta haidanganyi. Kompyuta haikudanganya. Mimi ndiye niliyewadanganya, bila kujua, na kutojua kwenyewe nilikuchagua."

Akawaeleza, safari hii kwa maneno machache. Kisha akasoma zile meseji tatu za tarehe nane Machi, pamoja na saa zake. Aliposoma "waambieni jamani" alirudia maneno hayo ili walio dirishani wasikie.

Prisca ndiye aliyesimama.

"Saa kumi na mbili asubuhi?"

"Na dakika kumi, mama."

"Mimi nilitoka nyumbani saa tatu." Alihesabu kimoyomoyo, na kila mtu aliona anahesabu nini. "Nilikuwa na muda wa kuwafungulia."

"Ulikuwa nao."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, mama. Naomba unisamehe. Na kama ni kumwondoa mtu leo, mniondoe mimi."

Prisca akamnyooshea kidole. "Wewe nitakushughulikia baadaye," alisema, na mahali palipobana pakalegea kidogo, watu wawili watatu wakacheka. Lakini yeye hakucheka. "Nilimsema mtoto wa watu sokoni. Nilimwita mvivu, mbele ya watu. Kumbe wakati mimi bado niko kitandani, yeye amesimama kwenye maji ananiitia msaada. Yuko wapi? Mwacheni aingie."

"Yuko nje," Dickson alisema. Macho yote yakaenda kwa mzee Angetile, kisha yakakimbilia sakafuni. Mmoja akanong'ona kwamba mzee atoke kidogo. Mwingine akasema haiwezekani, mzee ndiye mwenye nguzo.

Mzee Angetile alinyanyuka. Hakutoka. Alikishika kiti chake kwa mikono yote miwili, akakigeuza, akaketi tena akiwa ameukabili ukuta, mgongo kwa watu wote, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi.

"Aingie," aliuambia ukuta.

Mama Lazaro aliingia pembeni pembeni, kitenge kichwani, akasimama karibu na mlango. Prisca akamwendea. Alikuwa amemzidi mama Lazaro miaka ishirini, na kwa desturi yetu mdogo ndiye anayeinama, lakini Prisca alipiga magoti mbele yake pale kwenye saruji.

"Ndaga fijo, mama Lazaro. Nisamehe."

"Inuka, mama," mama Lazaro alinong'ona, akamshika mikono. "Inuka, nimeshasahau."

Wakafuata wengine. Dickson, kisha wake kwa waume wa safu ya nyuma, kisha wa dirishani waliozunguka kuingia mlangoni, kila mmoja na mkono wake, na shukrani yake, na wengine na machozi yao. Yohana alimwambia wazi kwamba yeye kazi hiyo asingeiweza hata wiki mbili. Katikati ya hayo, sauti nzito ilitoka ukutani.

"Binti Veronika. Jina langu kwenye hiyo kompyuta lifute. Kituo kiitwe anavyokiita anayepima."

"Sawa, baba," Tukuswiga alijibu.

Mama Lazaro alisikia. Aliinamisha kichwa kuelekea ule mgongo mpana, kidogo tu, mahali ambapo mwenye mgongo asingeweza kuona.

Foleni ilikuwa ndefu na joto lilikuwa kali, na ukuta ule hauna picha wala kalenda ya kutazama. Mzee Angetile hakugeuka mpaka mkamwana wake alipokwisha kushukuriwa na mtu wa mwisho.